Vipande vya Ngoma ya Papa

Kakoba, Mbarara
Jumanne, 9 Januari 2024

Mpendwa Papa,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Natumaini karatasi hii itawakuta wazima, na kwamba kifua cha Mama kimetulia. Mimi sijambo. Nilifika Kakoba salama, ila ndizi alizonifungia Mama zilifika zimekuwa uji. Tulizila hivyo hivyo kwa kijiko, mimi na Umuhire, mwenye duka la fotokopi ninakofanya kazi. Anasema aksanti.

Papa, siku niliyoondoka kambini Juru uliniuliza jambo nikalikwepa kwa sababu Laurent, dereva wa gari la maharage, alikuwa anapiga honi. Uliuliza, "Ile ngoma uliyoichukua na simu kwenye mazoezi ya Noeli, unaenda kuifanyia nini?" Niliona aibu njia nzima, maana wewe hujawahi kunijibu kwa mkato. Acha nikueleze.

Katikati ya wimbo wa pili waimbaji walinyamaza, ukabaki wewe peke yako na ngoma zako mbili, kubwa kwa mkono wa kushoto, ndogo kwa fimbo ya mkono wa kuume. Sisi tunaotengeneza muziki kwa kompyuta, kipande kama hicho tunakiita breki. Nikikiingiza kwenye kompyuta, sauti inaonekana kwa macho kama safu ya vilima, kila pigo na kilima chake. Nakata kati ya kilima na kilima. Nikimaliza nina mapigo yako sitini na manne, kila moja peke yake, kama maharage yaliyotolewa kwenye ganda. Kisha nayapanga upya. Hili naliweka mbele, lile nyuma, lingine nalirudia mara nane upesi upesi mpaka lingurume kama pikipiki, lingine naligeuza lisikike kinyumenyume. Halafu naongeza mwendo hadi mapigo mia moja na sabini kwa dakika. Hakuna mkono wa mtu unaoweza kupiga hivyo, na ndio utamu wake.

Nafanya hayo asubuhi kabla ya wateja, na Jumamosi mchana. Umuhire anaziba masikio kwa pamba, lakini hanifukuzi.

Nimemwekea Laurent wimbo wa dakika tatu kwenye simu yake. Akija kununua maharage atawasikilizisha. Usinionee huruma. Niambie kweli.

Binti yako,
Marcienne


Juru, Nakivale
Jumapili, 21 Januari 2024

Kwa mwanangu Marcienne,

Nakusalimu katika jina la Yule aliyetuvusha milima yote ile. Sisi tuko wazima. Kifua cha Mama yako kimenyamaza. Mahindi tumevuna, maharage yanakauka uani. Mbuzi wa jirani alipotea siku mbili tukamkuta ndani ya mihogo yetu. Jirani aliomba radhi, mbuzi hakuomba.

Laurent alifika Alhamisi. Tukaketi watatu kwenye benchi, mimi, Mama yako na yeye, akabonyeza simu. Mwanangu, umesema nikuambie kweli. Nilidhani mvua ya mawe imeanguka juu ya mabati. Niliinuka kuangalia mawingu. Mama yako akauliza, "Hawa bantu banagombana juu ya nini?" Laurent alicheka mpaka akakohoa.

Nikamwambia aweke tena. Mara ya pili nikasikia pigo ninalolijua. Ile ngoma ndogo niliishona ngozi mwenyewe, na fimbo ikigusa karibu na mshono inatoa sauti kama ya mtu anayesafisha koo. Nikaisikia. Ikakimbia, ikarudi, ikakimbia tena. Nikapiga kelele, "Huyo ni mimi!" Mama yako akasema, "Wewe? Lini umekimbia hivyo?"

Sasa nina swali. Kwa nini unaikata? Nilipojifunza kule Fizi, Kongo, mwaka wa tisini na tatu, mzee aliyenifundisha alikuwa ananichapa vidole kila nilipoacha pengo kati ya pigo na pigo. Kazi yangu ya maisha ni kuunganisha, na yako imekuwa kukata. Sikasiriki, nauliza tu. Na watu wanaucheza huo muziki? Wanaucheza na miguu gani, na wanayo mingapi?

Mama yako anakutumia unga wa muhogo, hauwezi kuwa uji njiani.

Papa yako anayekupenda,
Appolinaire


Kakoba, Mbarara
Jumanne, 13 Februari 2024

Mpendwa Papa,

Amani iwe nyumbani kwenu. Mimi ni mzima, Umuhire pia. Barua yako nilimsomea dukani, na nilipofika penye mbuzi mteja mmoja akasahau alichokuja kufanya.

Watu wanaucheza, Papa. Jumamosi iliyopita niliupiga mchana kwenye ukumbi mmoja hapa Kakoba. Vijana wa boda boda walikuwepo, na wanafunzi wa chuo. Mwanzo walisimama wakinitazama kama mtu aliyeharibu redio. Kisha dada mmoja akaanza kufuata ngoma kubwa peke yake, polepole, akaziacha zile ndogo zipite juu ya kichwa chake kama nzige. Wengine wakamwiga. Basi miguu ni miwili ile ile.

Kuhusu kwa nini nakata, jibu lake ni refu. Nitakujibu siku nyingine.

Leo nina jambo jingine, na sijui nilishike wapi. Nilitaka kuchanganya breki ya Noeli na ile niliyoichukua kwenye arusi ya binamu Parfait miaka miwili iliyopita. Wimbo ni ule ule, mpigaji ni wewe. Nikaziweka moja juu ya nyingine. Vilima vya ngoma kubwa vinalingana kama meno ya kitana. Vya ngoma ndogo, yaani vya mkono wa kuume, havilingani. Vile vya Noeli ni vifupi karibu nusu, na vinachelewa. Tena kila baada ya mapigo manne au matano kuna moja ambalo halipo kabisa. Sikio halitambui kwa sababu mkono wa kushoto unakimbia kuziba pengo. Nilidhani ni simu iliyoharibika. Nimeangalia tena kwa siku tatu, na si simu.

Papa, mkono wako wa kuume ukoje? Unauma? Umeanza lini?

Binti yako,
Marcienne


Juru
Jumapili, 25 Februari 2024

Marcienne,

Salamu zimefika. Sisi wazima.

Mkono wangu ni mzima. Umelima juzi, umelima jana, na kesho utalima. Ngoma si gunia la maharage la kutundikwa kwenye mizani, na mtoto hampimi baba yake. Kama kompyuta yako inaona mashimo, peleka kompyuta kwa fundi.

Jambo hili liishie kwenye karatasi hii. Usilifikishe kwa Mama yako.

Nyimbo usitume kwanza.

Papa yako


Kakoba
Jumanne, 5 Machi 2024

Mpendwa Papa,

Nakusalimu kwa heshima, na leo kwa hofu pia. Huku mvua imeanza. Natumaini mmepanda.

Nimekaa na barua yako siku tano. Jana nimempigia Mama kwenye simu ya jirani na kumwambia yote. Ulinikataza, na mimi nimevunja neno lako. Nakuandikia mwenyewe usije ukalisikia kwa mtu mwingine.

Papa, sikupimi. Kila asubuhi nikifungua kompyuta, sauti ya kwanza ninayoisikia Mbarara nzima ni mkono wako. Nimeusikiliza pigo moja moja, labda mara elfu. Sidhani kuna mtu mwingine duniani aliyewahi kukusikiliza hivyo. Wewe ungesikia mtoto wako anachechemea nyuma ya ukuta, ungeendelea kula?

Umuhire anamfahamu daktari wa mishipa katika hospitali hapa mjini. Chumba changu ni kidogo, lakini godoro la pili lipo.

Nikemee, lakini niandikie.

Binti yako,
Marcienne


Kakoba
Jumanne, 26 Machi 2024

Papa,

Natumaini mko wazima wote wawili.

Laurent amekuja mara tatu bila barua. Nikimuuliza anatazama magurudumu ya gari. Mama kwenye simu anasema unakula, unalima, unaenda mazoezini, na jina langu hulitaji. Nilimuuliza, "Na mkono?" Akasema, "Mwache Papa yako afike mwenyewe."

Sijatengeneza wimbo wowote tangu mwezi uliopita. Nikizigusa ngoma zako naona kama ninafungua sanduku la mtu bila ruhusa.

Jumapili ni Pasaka. Nitakuwa nawawazia saa ya kwaya. Mungu awe nanyi.

Ni mimi, mtoto wako


Juru, Nakivale
Jumapili, 7 Aprili 2024

Kwa mwanangu mpendwa,

Kristo amefufuka, na mimi nimeanguka. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zangu zinatembea kama bata. Usicheke. Au cheka, nimekunyima kicheko majuma sita.

Siku ya Pasaka kanisa lilijaa mpaka nje, wageni walitoka kila zoni ya kambi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hila. Nilikata mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, nikaifunga fimbo kwenye vidole, nikashusha mkono wa shati ili mtu asione. Nyimbo mbili zikapita salama. Kwenye ya tatu mpira ulikatika. Fimbo iliruka, ikaenda kusimama kwenye viatu vya mchungaji. Nikasema basi, nitapiga kwa kiganja. Nikauinua mkono, nikautuma kwenye ngoma, nao ukaenda fasi ingine, mahali nisipoutuma. Niliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Na wa kushoto nao ukapotea kwa kumtafuta mwenzake.

Kwaya ikayumba. Unajua kwaya ikikosa ngoma inavyokuwa, kila mtu anamwangalia jirani. Hapo nikasikia pa, pa, pa, upande wa akina mama. Ni Nyirabizimana, yule mjane anayeuza sombe, majani ya muhogo, anapiga benchi kwa viganja. Akasema kwa sauti, "Muendelee! Musiache!" Wakamfuata yeye. Walimaliza wimbo wote juu ya benchi. Mimi nilikaa nyuma ya ngoma zangu kama mgeni aliyeonyeshwa kiti kisicho chake.

Nyumbani Mama yako alipasha maji, akaukanda ule mkono. Mwishowe nikauliza mimi, "Bernardine, umejua tangu lini?"

"Tangu tulipopanda yale mahindi tuliyovuna Januari. Vifungo vya shati ulianza kuvifunga na kushoto."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nakungoja. Marcienne alipopiga simu nilimwambia, mwanangu, habari yako imechelewa."

Basi nimekukasirikia kwa ajili ya siri ambayo haikuwa siri. Nisamehe.

Nitakuambia kilichonishika. Kule tulikotoka niliacha shamba, ng'ombe watano na kaburi la mama yangu. Ngoma niliiacha pia. Lakini upigaji niliubeba, na kwenye vizuizi vyote vya njiani hakuna aliyejua kwamba ninao, kwa hiyo hakuna aliyeninyang'anya. Nilipoona mkono unalegea, niliona kama wamenifikia.

Kituo cha afya wamenipa karatasi ya kwenda Mbarara. Nitakuja Jumanne na Laurent, juu ya magunia. Tandika hilo godoro.

Papa yako,
Appolinaire


Juru, Nakivale
Jumapili, 9 Juni 2024

Kwa mwanangu Marcienne,

Nilifika salama, namshukuru Mungu, nakushukuru na wewe. Mama yako alinigeuza mbele na nyuma kama shati la mtumba, akasema umenilisha vizuri. Maharage yamekomaa. Nafanya mazoezi ya mkono kila asubuhi kama walivyonionyesha, nafinya mpira, nafungua vidole, nafinya. Kuku wamezoea, hawanishangai tena.

Majuma saba tulilala chumba kimoja na bado kuna mambo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo. Acha karatasi inisaidie.

La kwanza. Yule daktari aliposema kwa Kiswahili chake cha kukwama, "Mzee, ni mshipa umebanwa huku kwa shingo. Hii mkono itarudi kidogo, lakini haiwezi kuwa ile ya zamani," uligeuka ukanitafsiria kwa upole. Mwanangu, nilikuwa nimemwelewa. Nilikuacha utafsiri ili nipate muda wa kupanga uso wangu.

La pili ni ile asubuhi dukani, uliponivalisha vile vya masikioni ukanionyesha vilima vyangu. Niliyaona mapengo. Ulisema kompyuta inaweza kulisogeza kila pigo mpaka mstari wake. Ukabonyeza, yakajipanga yote kama askari. Tukasikiliza. Ukaniuliza, "Unaonaje?" Nikasema, "Wamekufa." Ukacheka, ukayarudisha kwenye kuchelewa kwake. Hukujua, lakini siku ile nilikula chakula chote kwa mara ya kwanza tangu Pasaka.

Na ile Jumamosi uliyoazima ngoma. Umuhire alifunga mlango wa duka, akazikemea pikipiki za nje zinyamaze, kana kwamba zina masikio. Uliniwekea simu mbele ya ngoma ukasema, "Pigo moja tu, Papa. Kisha pumzika."

"Moja? Moja ni nini? Moja si ngoma."

"Mimi moja linanitosha. Mengine utanipa ukiwa tayari."

Nilikupa arobaini na moja, yote kwa mkono wa kuume, mchana mzima. Mengine yalikuwa mabaya, niliona ulivyoyahifadhi bila kukunja uso. Tangu nizaliwe sijawahi kupiga pigo moja nikalisikiliza mpaka liishe. Nimepiga miaka thelathini na moja bila kujua mwisho wa pigo unakwenda wapi.

Sasa la tatu, ambalo ndilo barua. Ukiwa unatafuta mpango wa wimbo, kabla hujauweka kwenye kompyuta, vidole vyako vinagonga meza. Nilikuwa nimelala nikikutazama. Kushoto kulibeba, kuume kulicheza juu yake. Ni upigaji wangu kabisa, na mimi sikukufundisha hata siku moja.

Nikakumbuka. Ulikuwa na miaka tisa. Mazoezi yalikuwa yameisha, ukapanda kwenye kigoda changu ukaanza kupiga, na ulikuwa unapiga vizuri. Nilikuinua kwa mkono mbele ya kwaya nzima nikasema, "Ngoma ya kanisa si ya wasichana." Hukulia. Ulishuka, ukanyoosha gauni, na hukugusa ngoma tena. Ulisema jibu la kwa nini unakata ni refu. Nadhani nimelisoma lote pale mezani.

Kila jioni nilitaka kusema, nikazungumza juu ya supu. Sasa nasema. Nilikosa, Marcienne. Haikuwa sheria ya kanisa, hakuna mzee aliyeniagiza. Niliona watu wakitabasamu nikaogopa watasema Appolinaire amekosa mtoto wa kiume, anamkalisha binti kwenye kiti. Ni hilo tu. Kitu kidogo hivyo.

Usinijibu upesi. Nijibu kweli.

Papa yako


Kakoba, Mbarara
Jumanne, 25 Juni 2024

Papa wangu,

Salamu nyingi, kwako, kwa Mama na kwa kuku wanaokutazama. Mimi ni mzima. Godoro la pili nimelisimamisha ukutani, chumba kimekuwa kikubwa na sikipendi.

Barua yako niliifungua dukani, watu watatu wakiwa kwenye foleni. Nilipofika penye gauni nilimwambia Umuhire, "Shika mashine," nikaenda nyuma ya jengo. Nimelia, Papa. Si kwa huzuni tupu. Nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyeibeba ile siku. Kumbe na wewe uliona nilivyonyoosha gauni.

Umesema nijibu kweli. Iliniuma. Miaka mingi nilikuwa nakaa benchi la watoto nikihesabu mikono yako, na usiku hadi asubuhi vidole vyangu vilikuwa vinafanya kazi isiyo yao. Nilipoiona kompyuta kwa mara ya kwanza inapiga ngoma bila kumuuliza mtu ni msichana au mvulana, nikasema, huyu ndiye atakayenipokea. Sikuruhusiwa kuishika ngoma nzima, Papa, nikachukua vipande. Mwanzoni nilikata kwa hasira. Ndiyo. Lakini huwezi kumkasirikia mtu ambaye unamsikiliza kila asubuhi kwa miaka minne. Hasira iliisha kabla sijajua, nikabaki na sauti tu.

Nilikusamehe zamani. Sikujua kwamba nilikuwa bado nakungoja useme.

Wimbo wa mapigo arobaini na moja umekamilika. Unaanza na pigo moja peke yake, na nimeliacha liishe kabisa, mpaka mtu anadhani spika zimekufa. Kisha la pili. Halafu yanaingia mbio yote pamoja, na yale mabaya nimeyaweka, ndiyo yanayomfanya mtu ainue bega. Jumamosi nimeupiga ukumbini. Lile pigo la kwanza lilipotoka watu zaidi ya mia walinyamaza kulisikiliza. Kijana mmoja wa boda aliniuliza nani huyo. Nikamwambia ni Papa yangu, yuko Juru, analima maharage.

Nami nina swali. Ngoma za kanisa zinapigwa na nani sasa? Usiniambie zimefunikwa kitambaa.

Mtoto wako wa kike,
Marcienne


Juru, Nakivale
Jumapili, 1 Septemba 2024

Kwa mwanangu Marcienne,

Nakuandikia bado nimevaa suti ya ibada, Mama yako anagombana na moto jikoni. Tuko wazima wote. Mkono unashika kikombe, kikombe kisipojaa. Kalamu unaishika kwa mistari mitatu, kisha nahamia kushoto, utaona mwenyewe pale mwandiko unapolewa. Nakuombea afya wewe na Umuhire.

Nimechelewa kujibu swali lako kwa sababu sikutaka kukuandikia nusu. Ngoma zilikuwa zimefunikwa kitambaa, ndiyo. Tangu Pasaka hadi Julai tuliimba kwa makofi. Kiongozi wa kwaya alitaka kuazima mpigaji kutoka kanisa lingine. Tulipokutana nikasimama, nikasema mpigaji tunaye, aliwashikilia kwenye benchi siku ile mimi niliposhindwa. Mzee mmoja akasema, "Lakini Papa Appolinaire, si wewe ulisema ngoma ya kanisa si ya wanawake?"

Nikamjibu, "Ni mimi nilisema. Na hakuna aliyenituma. Leo naliondoa neno langu, muandike kwenye daftari."

Wakaandika. Nimelisoma.

Basi Nyirabizimana akawa anakuja uani kwetu kila alipomaliza kuuza sombe, mikono ikinuka majani. Nisikudanganye, siku za kwanza nilimfundisha kwa wivu. Akikosea nafurahi, akipatia natafuta kosa. Mama yako alinisikiliza siku moja akasema kutoka jikoni, "Mwalimu, mwanafunzi amekupita, mpe maji." Yule mama anapiga na bega, si na kiwiko. Nimejaribu kumtoa tabia hiyo nikashindwa, na sasa naona ndiyo nguvu yake. Nilimwekea wimbo wako kwenye simu ya Laurent. Alikunja uso kama anameza dawa, kisha akaniomba nirudishe nyuma mara sita. Juma lililofuata akaingiza mapigo matatu ya haraka pale ambapo mimi niliweka moja. Nilipomuuliza ameyatoa wapi akasema, "Kwa mutoto yako."

Leo amepiga mbele ya kanisa. Wimbo wa kwanza aliupiga kwa kiwiko, wa pili akarudi kwenye bega, wa tatu akina mama walitoka kwenye mabenchi bila kuitwa. Mchungaji alisubiri muda mrefu kabla ya kuhubiri.

Lakini nilitaka kukuambia jambo jingine. Nilipoingia leo sikuwa na fasi ya kukaa. Kiti changu kilikuwa na mtu. Nilisimama pale mlangoni na suti yangu, sijui mtu mzima anaketi wapi kanisani kama hapigi ngoma. Mama yako akanisogezea nafasi kwenye benchi. Marcienne, tumeoana kabla wewe hujazaliwa, na sikuwahi hata Jumapili moja kuketi karibu naye kwenye ibada. Mimi siku zote nilikuwa nyuma ya ngoma, na ukiwa nyuma ya ngoma husikii mtu, unajisikia wewe.

Nikaimba kwa nguvu zote. Kwenye ubeti wa pili akaniinamia sikioni akasema, "Appolinaire, unaimba vibaya. Nyamaza kidogo."

Nikanyamaza. Ndipo nikamsikia. Mama yako ana sauti nzuri, mwanangu. Nikabaki kimya nikimsikiliza mpaka wimbo ukaisha.

Papa yako,
Appolinaire